Siku Meza Iliponishinda kwa Shabaha

Naona aibu kuisimulia habari hii, na naisimulia kwa sababu moja tu: wale walioiona wanaisimulia vibaya. Ukipita leo sokoni Iringa utamkuta anayesema nilipiga baiskeli ya kweli ikiwa na mtu juu yake, na yupo mwingine (simtaji, mwenyewe anajijua) anayesema nililia. Sikulia. Palikuwa na vumbi. Basi afadhali niseme kwa mdomo wangu jinsi nilivyojiaibisha mbele ya tajiri wangu na baba yangu na nusu ya mji uliokuwa umevaa nguo za Idi, ili angalau aibu yenyewe iwe na vipimo sahihi, maana mimi ni mtu wa vipimo, na vipimo ndivyo vilivyoniponza.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwa Mzee Mbaraka, mwenye duka la misumari, taa za chemli na vipuri vya baiskeli, mtu ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akaionja baridi ya Iringa, akailaani, na akabaki. Kazi yangu ilikuwa kupima misumari kwenye mizani na kufagia. Lakini nyuma ya duka, karibu na dirisha, palikuwa na meza ya ufundi, ya mbao nene za mninga, miguu kama ya tembo, na pembeni yake jiliwa, yaani kile chuma cha kubania kitu kisicheze wakati unakitengeneza. Fundi wa zamani alikuwa amerudi kwao na meza ikabaki haina mtu. Niliitamani meza ile kama wenzangu walivyotamani kuoa. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua vitu na kuvirudisha (saa ya ukutani ya Mzee niliifungua, nikairudisha, zikabaki skrubu mbili mkononi, na saa inakwenda mpaka leo, na kila nikiitazama nakosa raha), na kila nilipoomba nikalie ile meza Mzee alinijibu, "Tutaona, Zakayo," kwa sauti ya mtu ambaye haoni kitu.

Sasa naungama jambo la kwanza. Nilimwandikia baba yangu, kule Ilula, kwamba nimepewa. Niliandika maneno haya haya: "Baba, sasa nina meza yangu." Nilijiambia kwamba mpaka barua ifike, pengine itakuwa kweli. Barua ilifika siku ya pili.

Bunduki nayo iliingia hivi. Mgiriki mmoja aliyekuwa analima tumbaku alifunga virago kurudi kwao, akauza vyombo vyake, na Mzee Mbaraka akarudi kutoka huko na viti vinne na bunduki moja ya upepo. Si ya baruti, msiogope. Unaivunja katikati kama unavyovunja muwa, ndani kuna springi nene, ukiivunja springi inajikunja, unaweka kidonge kidogo cha risasi chenye kiuno kama cha nyigu, unafunga, unavuta, springi inaruka, upepo unasukuma kidonge, basi. Inaua ndege, na panya kama panya ametulia. Ila shemeji yake Mzee, Mzee Shabani, mfanyabiashara wa mchele aliyekaa Iyunga kule Mbeya, naye alikuwa na bunduki ya namna hiyo hiyo, na wazee wawili hawa walikuwa wameshindana kwa kila kitu tangu mmoja alipomwoa dada wa mwenzake: kanzu, redio, mpaka sauti ya kuadhini. Barua zikaenda na kurudi, wakakubaliana: Idi Pili, uwanja wa nyuma ya duka letu, kila upande ulete mpiga shabaha mmoja na bunduki yake, vidonge vitano kila mtu, kwa kusimama, hatua kumi na mbili.

Mzee aliniita. "Zakayo, wewe mikono yako haitetemeki. Itengeneze hii bunduki, na utaipiga wewe. Atakayepata shabaha upande wetu nampa kazi ya ufundi; tukiwashinda watu wa Mbeya, kesho yake unakaa kwenye meza. Ukiniaibisha, naleta fundi kutoka Dodoma."

Kuanzia hapo sikulala vizuri, na mtu asiyelala vizuri husoma. Ndani ya boksi la bunduki palikuwa na kijitabu cha maelezo kwa Kiingereza, ambacho panya au Mgiriki mwenyewe alikuwa amekila kurasa nane za mwanzo. Nikaanzia ukurasa wa tisa na kamusi pembeni. Ukurasa wa tisa ulizungumzia kuijaribu bunduki, na ulisema (au ndivyo nilivyofasiri) kwamba makosa mengi hutokana na mpigaji, si bunduki. Sentensi hiyo iliniingia kama injili. Makosa hutokana na mpigaji. Basi nikawaza, na hapa ndipo mahali ambapo mtu mwenye akili angewaza nusu tu kisha akaenda kula: kama mpigaji ndiye mwenye makosa, dawa ni kumwondoa.

Nikaibana bunduki kwenye jiliwa ya ile meza. Nikaweka vipande vya mpira wa baiskeli pande zote nisiichubue, nikakaza mpaka meza na bunduki vikawa kitu kimoja, nikaweka kadi ya kulengea, yenye duara, ukutani kwa hatua kumi na mbili zilizohesabiwa mara tatu. Nikafunga kamba kwenye kifyatulio, nikavuta. Kidonge kikaenda chini. Nikazungusha ile skrubu ya kulengea. Nikavuta tena. Nikazungusha. Siku mbili, kila baada ya kufunga duka saa kumi, nilikuwa navuta na kuzungusha, na siku ya tatu nilipiga vidonge vitano mfululizo na vyote vitano vikapita kwenye tundu moja, katikati kabisa ya duara, tundu ambalo kidole changu kidogo hakikuingia. Niliitoa ile kadi ukutani kwa mikono miwili. Niliikunja nikaiweka kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, na usiniulize mara ngapi kwa siku niliifungua kuiangalia.

Fundi Maulidi, mshona nguo wa barazani kwetu, ambaye ndiye angekuwa mwamuzi kwa sababu ana futi ya kupimia na hana haya, aliiona kadi ile akaguna. "Nzuri. Sasa jaribu kwa mkono."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku yenyewe utashika kwa mkono."

Huo ndio uamuzi wangu mdogo, ninauona mpaka leo kama nilivyoona uso wa Maulidi. Niliangalia kadi yenye tundu moja, nikajua kabisa moyoni kwamba nikipiga kwa mkono lile tundu litapata wenzake, moja huku, moja kule, na sitakuwa tena na kitu kisicho na dosari. Nikamwambia, "Bunduki imeshapimwa, Fundi. Kilichopimwa hakipimwi tena." Nikaifuta mafuta, nikaifunga kwa flaneli, nikaifungia kwenye boksi, na kwa wiki nzima sikumruhusu mtu hata kupumua karibu nayo.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili nililifanya kwa rula. Siku moja kabla ya Idi Pili mchoraji alileta kibao kipya cha duka, bati kubwa jeupe lenye jina la Mzee kwa herufi nyekundu, na chini ya jina baiskeli nyeusi iliyochorwa vizuri mpaka spoku zilihesabika. Mzee alitaka shemeji yake alione mara tu baada ya mashindano, lifunuliwe mbele ya watu. Akaniuliza liwekwe wapi. Ukuta wa kuzuia vidonge nilikuwa nimeujenga mimi, kwa magunia ya maharage, kadi katikati. Nikasema liegeshwe juu ya magunia, lifunikwe shuka, ili watu wawe tayari wanatazama huko huko. Nikapima. Kutoka katikati ya kadi mpaka ukingo wa kibao, inchi saba. "Hakuna duniani," nilimwambia Mzee, "mtu atakayekosa kwa inchi saba." Nilitumia neno hilo. Duniani.

Idi Pili ikafika. Uwanja ulijaa: kanzu, kanga mpya, watoto na peremende, kahawa inapita, na miongoni mwa watu, akiwa na koti lake la kanisani na debe la nyanya miguuni, baba yangu. Alikuwa ameshuka kwenye lori la mboga asubuhi hiyo. Sikumwalika. Alisikia kutoka kwa dereva kwamba mwanawe atapiga shabaha, akaja.

"Kamwene, Zakayo," akanisalimu. "Nimekuja kuiona meza."

"Baadaye, baba," nikasema.

Sasa mpinzani. Nilitegemea kijana. Mzee Shabani alishuka barazani na mama mmoja wa Kisangu wa umri wa mama yangu mdogo, mnene kiasi, kanga mbili, kikopo cha ugoro kiunoni, amebeba bunduki kwapani kama mtu anayerudi na kuni. Aliitwa Mama Semeni, mzaliwa wa Madibira, na kazi yake kwa Mzee Shabani ilikuwa kulinda mpunga unaoanikwa usiliwe na ndege. Bunduki yake ilikuwa na kutu, kitako kimefungwa kwa utepe wa mpira, na springi yake ilipokunjwa ililia kama mlango wa zizi. Niliiangalia bunduki ile nikaihurumia. Naungama hilo pia.

Lakini zaidi ya yote, Mama Semeni alikuwa Msangu na mimi Mhehe, na Wasangu na sisi ni watani, tangu enzi za babu zetu kunyang'anyana ng'ombe. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kofia yako kichwani, akalala kwenye kitanda chako siku ya msiba akidai marehemu amekimbia deni la maneno, na wewe kazi yako ni moja: kucheka. Ukikasirika, umekosa, na mtani anachukua faini, chochote anachokitaka mwilini mwako. Kila mtoto anajua hivyo. Mimi nilijua hivyo.

"Ndiye huyu?" Mama Semeni akauliza, akinizunguka. "Mtani, wewe umekuja kupiga au umekuja kubatizwa? Mbona umevaa hivi?" (Nilikuwa nimevaa tai. Naam.)

Watu wakacheka, nami nikajitahidi nikatoa meno.

Alianza yeye, kwa kuwa mgeni. Sijawahi kuona mtu anashika kitu vibaya vile. Hakuibana bunduki begani, aliilaza tu kwenye kiganja kilichofunguka, kama unavyombeba mtoto aliyelala ambaye hutaki aamke, na muda wote alikuwa anaongea: ah, kahawa ya hapa nyepesi, pah, na hii baridi yenu mnaivumiliaje, pah. Maulidi akaenda na futi yake. Vinne ndani ya duara, kimoja kwenye mstari. Watu wa Mbeya wakapiga vigelegele. Mimi nikatabasamu, maana mfukoni nilikuwa na vitano tundu moja.

Nikasogea. Nikaweka miguu kama mchoro wa ukurasa wa kumi na mbili. Na kwa kuwa nilijua bunduki hupiga sawa ikibanwa, niliibana: begani, shavuni, mkono wa kushoto ukiikaba kama jiliwa. Nikalenga katikati, nikashusha pumzi, nikavuta. Bunduki ikaruka mikononi, kidogo tu, kama mtu aliyeshtuliwa.

Maulidi akaenda, akainama, akaigeuza kadi, akaangalia nyuma yake. "Kadi haina kitu," akatangaza.

"Angalia vizuri, Fundi."

"Zakayo, ni kadi. Haina kona za kujificha."

Kicheko. Nikaikaza zaidi. Cha pili. Maulidi akaenda, akarudi. "Bado kadi ni mpya. Mwenye kutaka anaweza kuandikia barua."

Mzee Mbaraka aliacha kunywa kahawa. Sikumtazama baba. Na hapo Mama Semeni, aliyekuwa amesimama karibu na mimi akinusa ugoro, akaanza: "Jamani, babu zake hawa walituibia ng'ombe kwa mikuki ambayo haikosi. Huyu wamemzaa wapi? Mtani, unapiga ndege gani, tuonyeshe na sisi tumtazame. Sogea nikuambie..."

Sikumwacha amalize. Kichwa kilikuwa kimejaa inchi na skrubu, na nikageuka nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza karanga, "Mama, nyamaza. Hii ni kazi, siyo mchezo."

Nakwambia hata watoto waliacha kutafuna. Kisha nikasikia mwanamke mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Amemkasirikia mtani," kama vile angesema amevua suruali.

Mama Semeni hakukasirika, mtani hakasiriki. Alikuja taratibu, akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni akichagua, akapita tai, akapita saa, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wangu wa shati, akatoa kadi. Akaikunjua. Akachungulia kwenye tundu kwa jicho moja, akanitazama kupitia hapo.

"Hii," akasema, "itanifaa kufungia ugoro." Akamimina ugoro juu ya kazi yangu ya siku tatu, akaikunja, akaichomeka kiunoni. "Na nimenyamaza, mtani. Umesema ninyamaze."

Cha tatu nilikipiga huku masikio yanawaka. Maulidi hakwenda hata kuangalia, alitikisa kichwa kutoka alipokuwa.

Hapo mtu mwingine angeweka bunduki chini akasema leo siyo siku yangu, watu wangecheka mpaka magharibi, wangesahau. Mimi nilisema, "Kuna kosa, na kosa siyo la bunduki. Naomba meza."

"Meza ipi?" Mzee akauliza.

"Ile ya ufundi. Nitaonyesha."

Ikabidi watu wanne waibebe, wakiwa na nguo za Idi, na mmoja akachafua kanzu kwa grisi, na mlangoni ikakwama wakaomba ushauri wa watu wote. Nikaibana bunduki kwenye jiliwa. Nikapanga vipande vya mpira. Nikalenga, nikapiga magoti nikaangalia, nikasogeza meza kwa upana wa ukucha, nikaangalia tena. Ilichukua muda ambao kahawa ilipita mara mbili. Vidonge vyangu viwili vilivyobaki nilivipiga kwa kamba.

Maulidi akaenda. Akainama. "Katikati," akasema. "Vyote viwili. Tundu moja."

Nikanyoosha mikono juu. Nilinyoosha mikono yote miwili, na tai yangu, mbele ya watu, kama aliyeshinda. Nilitegemea makofi. Nilikuwa nimethibitisha, mnaelewa, nilikuwa nimeonyesha kwa ushahidi kwamba bunduki haina kosa lolote, na ilichukua muda kidogo, nikiwa bado nimenyoosha mikono, kwa hoja yangu yenyewe kunifikia.

Mama Semeni ndiye aliyeisema. "Mzee Mbaraka, vitatu kijana amekosa, viwili meza imepata. Basi kazi apewe meza."

Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena. Mzee Shabani alishika ukuta. Maulidi, mwamuzi, alikaa chini. Na katikati ya kicheko kile baba yangu alikuja mpaka nilipo, akaiwekea meza kiganja, akaisukuma kidogo, akainama kuangalia miguu yake.

"Ndiyo hii uliyoniandikia?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

Akaisukuma tena. "Ni meza nzuri," akasema kwa upole, "haitikisiki." Na sijui mpaka leo kama alikuwa ananifariji.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini Mama Semeni alikuwa ameshaifungua bunduki yangu kutoka kwenye jiliwa, akaiwekea kidonge, akaibeba kwa kile kiganja chake cha kubembeleza, akalenga, pah. Kadi haikutikisika. Moyo wangu ukaruka kwa furaha: hata yeye. Akaguna. Akalenga chini ya kadi, mbali chini, kwenye gunia kabisa. Pah. Maulidi akasimama akatazama: ndani ya duara.

"Inapanda," akasema Mama Semeni. "Hizi za springi zinaruka mkononi. Ukiifunga, hairuki, ukiishika, inaruka, na ukiikaba ndiyo inaruka kwa hasira. Mliizoesha meza, ikamjua meza. Sasa, Mzee Mbaraka, samahani, ile shuka pale juu ya magunia inafunika nini?"

"Kwa nini?" Mzee akauliza polepole.

"Kwa sababu mtani wangu ameipiga mara tatu, na mimi mara moja sasa hivi. Inashtuka kila mara. Niliiona toka cha kwanza."

Nadhani nilijua kabla Mzee hajafika. Alienda mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, hatua kumi na mbili ambazo nilizihesabu mara tatu, akaivuta shuka. Baiskeli nyeusi, spoku zake zote, na kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, pale pale ambapo mchoraji alitia nukta ya rangi ya fedha, matundu matatu yamegusana, yangefunikwa na kifungo cha shati. La nne, la Mama Semeni, lilikuwa pembeni kidogo.

Maulidi akatoa futi. Hakuombwa. "Upana wa matundu matatu, robo inchi," akasoma. "Zakayo, hongera. Leo hakuna aliyekusanya vidonge mahali pamoja kama wewe."

Nilimgeukia Mama Semeni. "Uliona toka cha kwanza. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia," akasema, akichukua ugoro kutoka kwenye kadi yangu. "Ukasema ninyamaze."

Mzee Mbaraka aliyagusa matundu ya kibao kwa kidole, moja moja. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nguo zangu kichwani, ngapi zinaingia kwenye mfuko mmoja. Kisha akamgeukia shemeji yake, akakubali kushindwa kama mtu mzima, wakashikana mikono, na ndipo akaniita.

"Mimi nikitoa neno silirudishi," akasema, mbele ya watu wote. "Nilisema atakayepata shabaha upande wetu nampa kazi. Aliyepata ni meza. Basi kuanzia kesho meza ndiyo fundi wa duka hili. Nawe, Zakayo, utakuwa msaidizi wake. Utakaa hapo ufanye atakachokuambia. Na utaendelea kufagia."

Na hakutania. Kibao kilitundikwa vile vile na matundu yake, hakukubali yazibwe, na kila mgeni anayeuliza yametoka wapi anaelekezwa nyuma, kwa meza. Kwa mwaka mzima wateja waliingia na baiskeli zao wakaanza kwa meza: "Shikamoo, Fundi. Msaidizi yupo?" Baba alirudi Ilula, na nasikia alipoulizwa kanisani mwanawe anafanya nini mjini alijibu, bila kucheka, kwamba yuko chini ya fundi hodari sana.

Mwaka uliofuata Mama Semeni aliniletea bunduki yake, springi imechoka. Nilimkaribisha, akanitukana vizuri tangu mlangoni mpaka dirishani, nikacheka yote, hata lile la tai. Nikaweka springi mpya. Kisha nikatoka nje naye, nikamwambia, "Mama, ishike mwenyewe, upige, nione inavyoruka mkononi mwako," na nikazungusha skrubu kwa kufuata mkono wake, siyo wa meza. Aliporidhika akatoa kikaratasi kiunoni akaniwekea kiganjani. Ilikuwa kadi yangu. Nilipoifungua nilipiga chafya mara nne, na ya tano ilikuja baadaye, alipokuwa ameshaondoka.

Basi nimeapa, na nimekishika kiapo: kitu nikitengeneza, kinajaribiwa na mkono utakaokitumia, hata kama tundu moja litakuwa matano. Na mtani akianza kunisema, sijamnyamazisha tena. Namwacha afike mwisho wa sentensi, kwa sababu huenda huko mwishoni ndiko alikokuwa ameniwekea msaada.

Kadi nimeibandika ukutani, juu ya meza, inanuka bado. Na asubuhi nikifungua duka, kabla ya kushika ufagio, namsalimu fundi. Hajibu. Lakini hatikisiki.